Baada ya ngeta: niliyojifunza kuhusu kujilinda Nairobi

Naandika haya kwa watu wanaotoka kazini giza likiwa limeshaingia na bado wana mwendo wa miguu kabla ya kufika steji. Mimi ni karani katika duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, nina watoto wawili, na sijawahi kuwa mtu wa ngumi. Nilipigwa ngeta mwaka juzi, yaani nilikabwa shingo kutoka nyuma nikaibiwa. Nimelipa kwa pesa na kwa usingizi ili kujua mambo ambayo mwenzangu anaweza kuambiwa bure, na ndiyo maana nayasema.

Ulikuwa msimu wa vuli. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na kufikia saa moja na nusu usiku magari yalikuwa yamekwama kuanzia mzunguko wa Globe mpaka Ngara. Nikaamua kutembea nikapande matatu mbele, kama wafanyavyo maelfu ya watu jioni za mvua: unapita pale Globe chini ya barabara ya juu, unavuka Mto Nairobi, unapanda kuelekea Ngara. Taa za sehemu ile hazikuwa zinawaka.

Sikusikia hatua. Mkono ulinizunguka shingo kutoka nyuma, nikavutwa kinyumenyume mpaka visigino vikaacha kugusa chini, na papo hapo mwingine alikuwa mbele yangu, mikono yake imeshaingia mifukoni mwangu. Kulikuwa na wa tatu aliyenishika miguu, sikumwona uso. Nilifungua kinywa nipige nduru, haikutoka hata pumzi. Nilichowaza ni karo ya shule, kwamba muhula unafungwa na bado ninadaiwa. Halafu sikujua tena kilichoendelea.

Niliamshwa na mama anayechoma mahindi upande wa pili wa barabara. Alikuwa amenishika mashavu akisema, "Mama, niangalie. Usilale, niangalie." Simu ilikuwa imekwenda, mkoba, kitambulisho, hata viatu. Watu walikuwa wamesimama, na kila mmoja alikuwa na ushauri: ninywe maji, nisinywe, nipelekwe nyumbani nikalale. Kijana mmoja wa bodaboda akakataa habari ya nyumbani. "Huyu sauti yake imeharibika. Mimi nampeleka hospitali." Mpaka leo namwombea yule kijana.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu watu wengi waliopigwa ngeta huamka, hujipangusa matope, hushukuru Mungu na kwenda nyumbani. Daktari wa zamu alinieleza kwa uvumilivu. Mkono ukikaza shingo unaweza kubana mambo mawili. Mfupa wa mkono ukikaa katikati ya koo, unabana njia ya hewa. Hapo unakohoa, unasikia maumivu makali na unapambana. Lakini kiwiko kikikaa mbele ya kidevu, mkono umekunjwa pande zote mbili za shingo, kinachobanwa ni mishipa inayopeleka damu kichwani, na mtu huzirai kwa muda wa sekunde kama kumi hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Ndiyo maana nilizimika kabla hata ya kuelewa kinachotendeka. Na mishipa hiyo inaweza kuwa imechanika kwa ndani bila jeraha lolote la nje. Damu huganda pale, na baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa mtu anapata kiharusi, au koo linavimba ndani kwa ndani mpaka hewa inakwisha.

Kwa hiyo dalili ni hizi, na usizidharau hata ukiwa unatembea vizuri: sauti iliyokwaruza au iliyopotea, shida ya kumeza, kupumua kwa taabu, vidoa vyekundu kwenye weupe wa macho, kichwa kuuma kusiko kwa kawaida, upande mmoja wa mwili kulegea, kujikojolea wakati wa tukio, kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache. Mimi nilikuwa na tatu kati ya hizo. Walinilaza usiku ule wakichunguza. Picha na dawa zilinigharimu shilingi 11,400, pesa ambazo wifi yangu alikopa kwenye chama chetu cha kukopeshana usiku huohuo.

Wakati mimi nimelala pale, wale vijana walikuwa kazini. Walikuwa na laini yangu na kitambulisho changu, na hivyo viwili vikiwa pamoja ni funguo za nyumba. Kufikia asubuhi mikopo ya simu ilikuwa imechukuliwa kwa jina langu na akiba yangu ndogo imehamishwa. Simu yenyewe ya shilingi 16,000 ndiyo iliyoniuma kidogo kuliko yote. Deni lile nimelilipa kwa miezi.

Leo kitambulisho changu hakikai pamoja na simu. Ninatembea na nakala tu, isipokuwa nikiwa na shughuli inayodai chenyewe. Laini ina nambari yake ya siri, tofauti na ile ya kufungulia simu, ili hata ikichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine isifanye kazi. Hiyo iko kwenye mipangilio ya simu yoyote na huchukua dakika mbili kuiweka. Nambari ya utambulisho ya simu, ile inayojitokeza ukibonyeza *#06#, nimeiandika kwenye daftari nyumbani, maana polisi wataiuliza. Na nimekariri kichwani nambari za watu wawili, kwa sababu simu ikienda, majina yote yanaenda nayo. Kama laini yako ni ya Safaricom, mtu yeyote mwenye laini ya Safaricom anaweza kukusaidia kupiga 100 ili yako ifungwe. Fanya hivyo kabla hujalia. Kilio kitakungoja.

Polisi nilikwenda siku iliyofuata, shingo imevimba, wifi yangu kando yangu. Afande aliyekuwa kaunta alianza kuandika kwamba nimepoteza simu na kitambulisho. Wifi yangu, mwanamke mpole kwa kawaida, akamwambia, "Afande, huyu hakupoteza. Amenyongwa na watu watatu." Maneno hayo mawili yana uzito tofauti. Chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, wizi wa nguvu au vitisho unakuwa unyang'anyi wa kutumia nguvu ikiwa mshambuliaji ana silaha ya hatari, au yuko na mwenzake hata mmoja, au amempiga au kumjeruhi mtu. Sema idadi yao. Sema walichokufanya mwilini. Dai nambari ya OB, ile ya kumbukumbu ya tukio, na uondoke nayo imeandikwa. Omba pia fomu ya P3, ambayo polisi hujaza sehemu yake na daktari hujaza yake kuhusu majeraha. Fomu hiyo ni ya bure. Bila P3, alama za shingoni zitafifia na hakutakuwa na lolote la kuonyesha mahakamani.

Kwa dada aliyefanyiwa zaidi ya kuibiwa, yaani aliyebakwa, utaratibu hubadilika, na nausema wazi kwa sababu aibu imewanyamazisha wengi. Hospitali kwanza, polisi baadaye. Usioge, usibadilishe nguo ukiweza, na ukizivua zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Nambari 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure kutoka popote nchini, na kituo cha Gender Violence Recovery Centre cha Nairobi Women's Hospital kimekuwa kikiwahudumia waathiriwa tangu 2001.

Kilichofuata sikukitarajia. Shingo ilipona, lakini mwili ulikataa. Kitambaa cha shingoni sikuweza kukivaa. Mtoto wangu mdogo alinikumbatia kutoka nyuma nikiwa jikoni, nikamsukuma akaanguka, na uso wake ulivyonitazama siwezi kuusahau. Kwenye foleni ya matatu nilikuwa nikigeuka kila mara mpaka watu wakaniangalia vibaya. Nilipunguza saa za kazi ili niondoke mchana, mshahara ukapungua. Mume wangu alikuwa akinifuata steji jioni, mpaka ratiba yake ikagoma. Ndipo nikaanza kutafuta mahali pa kujifunza.

Darasa la kwanza lilikuwa kwenye jumba zuri upande wa Westlands, shilingi 12,000 kwa kozi. Tulifundishwa jinsi ya kumnyang'anya mtu kisu. Mwenzako anakuelekezea kisu cha mpira polepole, ameunyoosha mkono wake, anasubiri. Wewe unakamata, unapinda, anaachilia, mnabadilishana. Nilirudi nyumbani wiki za kwanza nikijiona simba. Kisha nikamwomba kaka yangu anishambulie sebuleni kwa kalamu ya wino, bila kunisubiri. Aligonga na kurudisha mkono, aligonga na kurudisha, haraka kama cherehani. Nguo yangu ilijaa alama za wino kabla sijashika chochote. Sikurudi Westlands. Sisemi walimu wale walikuwa walaghai, lakini mtu anayeamini kwamba anaweza kumpokonya mwizi kisu yuko hatarini kuliko yule anayejua kwamba hawezi.

Mwishowe nilipelekwa na jirani kwenye ukumbi wa kijamii Eastlands, ambako mzee mmoja aliyekuwa bondia hufundisha jioni kwa shilingi 200. Kocha hakuniuliza kama nina nguvu. Aliuliza, "Unavaa viatu gani ukienda kazini?" Siku ya kwanza yote tulikimbia kwa viatu vya kazini, mikoba begani, kutoka ukutani hadi mlangoni. Nikagundua kwamba viatu vyangu vya kazi haviwezi kukimbia. Sasa navaa raba njiani na vile vingine nimeviacha chini ya meza dukani. Hilo peke yake limenisaidia kuliko kozi nzima ya Westlands.

Alitufundisha sauti kabla ya mikono. Wengi wetu, hasa wanawake tuliolelewa tusipaaze sauti mbele za watu, tukishtuka tunafunga koo. Tulisimama tukipiga nduru mpaka walinzi wa nje wakazoea. Alitusimulia kuhusu mashosho wa mtaa wa mabanda wa Korogocho ambao wamekuwa wakijifunza kujikinga na wabakaji, wanawake wa umri wa bibi zangu, wakipiga mito ya mazoezi na kukemea kwa sauti ya juu. Kama shosho anaweza, alisema, hakuna hapa wa kuniambia hana umri.

Ngeta tuliirudia jioni nyingi, na mara ya kwanza mkono wa mwenzangu uliponigusa shingo nilikaa chini nikalia. Walisubiri. Tukaanza tena, mkono umelegea kabisa, kisha ukakazwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kanuni kwamba ukimgonga mwenzako mara mbili unaachiliwa mara moja. Usifanye mazoezi haya na mtu asiyeiheshimu kanuni hiyo, wala bila mtu anayejua anachokisimamia. Nimeshaeleza shingo inavyoweza kudhurika.

Alichotufundisha ni hiki. Mkono ukikugusa tu, kidevu kifuani, mabega juu, kama mtu aliyesikia baridi ghafla. Hilo linatangulia yote, kwa sababu kidevu kikishaingia, mkono unakosa mahali pa kukaa. Wakati huohuo mikono yako miwili inaupanda mkono wake na kuuvuta chini, uzito wako wote ukining'inia pale, usipoteze mkono mmoja kumpapasa usoni. Geuza uso kuelekea kiwiko chake, maana upande huo ndio wenye nafasi ya hewa. Shusha makalio, piga hatua upate miguu yako tena, kwa kuwa nguvu ya ngeta iko katika kukuvuta nyuma usiwe na pa kusimama. Ukipata pumzi moja ndipo unapiga: kiwiko mbavuni, kisigino juu ya kidole cha mguu wake, kiganja kinenani. Piga mfululizo mpaka mkono ulegee, kisha toka. Toka ukikimbia kuelekea kwenye mwanga na watu.

Na nisidanganye mtu: hii ni kwa sekunde mbili tatu za mwanzo. Ukiwa na wa pili anayekushika miguu, huenda isifanye kazi. Kocha mwenyewe alisema hivyo, na nilimwamini kwa sababu alisema. Ndiyo maana muda mwingi tuliutumia kwa yale yanayotokea kabla. Tembea ukikabili magari yanayokuja, ili bodaboda ya kupora simu isikutokee nyuma, na mkoba uwe upande wa maduka. Simu isitumike kwenye dirisha la matatu lililo wazi. Ukihisi mtu amelinganisha mwendo wake na wako, vuka barabara. Akivuka nawe, huhitaji uthibitisho zaidi, ingia duka lolote lililo wazi ununue hata kiberiti. Watu watatu wakiachana ghafla mbele yako, mmoja akabaki nyuma, geuka urudi ulikotoka. Siri ya vijana wale ni kumpata mtu aliyeinama akiangalia maji ya barabarani au simu yake, kama nilivyokuwa mimi jioni ile ya mvua.

Ukishikwa kifundo cha mkono, usivute moja kwa moja. Zungusha kuelekea upande wa kidole gumba chake, maana hapo ndipo mshiko unapofunguka. Ukishikwa rasta au nywele za kusuka, kandamiza mkono wake juu ya kichwa chako kwa mikono miwili ili asikuburute, ndipo upige kwa miguu. Ukiangushwa, kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, miguu imwelekee yeye, mpige kwenye goti na ugoko, inuka ukipata mwanya. Akiwa na kisu au bunduki na anachotaka ni mali, mpe. Tupa pochi upande mmoja, kimbia upande mwingine. Nina pochi ya pili yenye noti mbili na kadi zilizokwisha muda, kwa ajili hiyo hasa.

Kuna jambo ambalo tulijadiliana ukumbini mpaka usiku, nalo ni neno la kupiga kelele. Katika mji huu, ukisema "Mwizi!" watu watakuja, na watakuja na mawe. Nimeona nikiwa msichana, kule Jogoo Road, kijana aliyewekewa tairi ili achomwe. Hakuna aliyejua kwa hakika alichoiba. Mimi sitaki maisha ya mtu kwa ajili ya simu, hata ya yule aliyenining'iniza shingo. Ninapiga nduru, kisha "Niachilie! Nisaidieni!" na hilo linaita watu kuja kwangu badala ya kumkimbiza yeye. Wengine ukumbini hawakukubaliana nami, wakasema jioni kwenye giza hakuna wa kuja kwa neno lingine. Ninaelewa. Sheria nayo iko wazi: kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua haki ya kujitetea wewe na mali yako, na mahakama hupima kama nguvu uliyotumia ilifaa kwa hatari iliyokuwapo. Akiachilia na kukimbia, au akianguka hana la kufanya, haki hiyo imekwisha pale pale. Ukiendelea kumkanyaga, wewe ndiye mshambuliaji.

Mwaka jana, Tom Mboya Street, saa mbili usiku, mwanamume alinishika mkono wa kushoto akinivuta kuelekea uchochoro. Huenda alikuwa mlevi, huenda sivyo. Nilizungusha mkono upande wa gumba, nikapiga nduru moja iliyogeuza steji nzima, nikakimbia mpaka ndani ya duka la dawa. Mhudumu akafunga grili bila kuuliza. Nilitetemeka pale nikiwa nimeketi kwenye kiti cha wagonjwa, lakini usiku ule nililala.

Sasa tuko wanawake wa chama chetu pamoja na mabinti zetu, Jumamosi alasiri, na Kocha hutupunguzia ada tukija wengi. Mtoto wangu yule mdogo huja pia. Kazi yake ni kutushtukia kutoka nyuma wakati hatujui, na ameipenda kupita kiasi. Ukitaka kuanzisha kwenu, tafuta ukumbi wa kijamii ulio karibu, uliza ni nani anayefundisha ndondi au judo, na kabla ya kulipa kaa pembeni uangalie somo moja. Ukiona wanafunzi wanakimbia, wanapiga kelele na kugonga mara mbili wakaachiliwa papo hapo, lipa. Ukiona wananyang'anyana visu vya mpira, rudi nyumbani na pesa zako.